Kukompaili kwa mashine nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoandika programu kwenye laptopu za kawaida za Intel au AMD, kisha wanataka ziende kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu, kwa kifupi Pi), seva ya ARM (ukoo wa prosesa tofauti na wa Intel), ruta au simu. Mifano mingi ni ya kutoka Linux kwenda Raspberry Pi, kwa sababu ndiyo njia niliyoipita mara nyingi, na ndiyo iliyonitesa zaidi. Ujumbe wa makosa nimeuacha kama unavyotokea kwenye skrini, ili ukiutafuta uupate.

Kukompaili kwa mashine nyingine ni nini hasa?

Ni kukaa kwenye mashine moja ukatengeneza binari, yaani faili la programu lililo tayari, itakayoendeshwa na mashine ya aina nyingine. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya prosesa, kwa kawaida hutoa ya prosesa ileile inayoiendesha. Kompaila tunayoizungumzia hapa inaendeshwa na Intel, lakini inachokiandika ni cha ARM.

Ni kama fundi cherehani wa Kariakoo anayemshonea sare mtoto aliyeko Tabora. Mtoto hana haja ya kuja dukani. Vipimo tu vitumwe kwa simu. Ila vikitumwa vya mwaka jana, sare itabana, hata fundi awe hodari vipi. Karibu kila shida iliyo chini hapa ni shida ya vipimo.

Kuna wanaoita kazi hii "ukompaili mtambuka". Neno si baya, lakini sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu ambaye ana kosa kwenye skrini.

Kwa nini nisikompaili hukohuko kwenye Pi?

Kama programu ni ndogo na Pi ina nafasi, kompaili hukohuko, tena usisome zaidi ya hapa. Shida inaanza na vifaa vidogo. Pi Zero ina RAM ya MB 512. Mradi wa wastani wa Rust au C++ ukifika hatua ya kuunganisha vipande, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inaua kompaila na unabaki na neno moja: `Killed`. Unaweza kuongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) kwenye kadi ya SD, lakini utasubiri hadi usahau ulichokuwa unasubiri, na kadi nayo inachakaa. Ruta yenye flashi ya MB 8 au 16 ndiyo kabisa: kompaila yenyewe haitoshi humo.

Nitajuaje mashine lengwa ni ya aina gani?

Unahitaji kujua mambo matatu: prosesa, mfumo endeshi, na maktaba ya C iliyomo, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingi huutegemea. Ndiyo maana majina ya kompaila yanaandikwa kwa vipande. Katika `aarch64-linux-gnu`, cha kwanza ni prosesa (ARM ya biti 64), cha pili ni mfumo, cha tatu kinakwambia maktaba ya C ni ya GNU, yaani glibc. Ukiona `musl` mahali pa `gnu`, maktaba ni nyingine na binari ni nyingine, hata kama prosesa ni ileile. Rust huongeza kipande cha mtengenezaji, na mara nyingi huandika `unknown`.

Watu wengi huangalia prosesa wakaishia hapo. Lakini mimi nikihesabu siku nilizopoteza, nyingi zilikwenda kwenye kile kipande cha tatu.

Kuna mtego hapa. Wengi huingia kwenye Pi, wanaandika `uname -m`, wanapata `aarch64`, wanarudi kwenye laptopu wakiwa na uhakika. Lakini `uname` inaeleza kerneli tu. Tangu 2023, Raspberry Pi OS ya biti 32 ikiwekwa kwenye Pi 4 huwashwa kwa kerneli ya biti 64, huku programu na maktaba zote zilizo juu yake zikiwa za biti 32. Uliza hivi badala yake:

```
dpkg --print-architecture
getconf LONG_BIT
```

Ukijibiwa `armhf` na `32`, tengeneza binari ya biti 32, bila kujali `uname` imesema nini.

Pi inasema `Exec format error`. Nimekosea wapi?

Umepeleka binari ya prosesa nyingine, na mara nyingi ni ile ya laptopu yako mwenyewe, kwa sababu `make` ilitumia `gcc` ya kawaida wewe ukiwa hujui. Hakikisha kwa `file kipimo` (`kipimo` ni jina la programu yangu, weka la kwako). Na kama unapenda kuona kitu kwa macho yako, soma baiti 20 za mwanzo:

```
$ xxd -l 20 kipimo
00000000: 7f45 4c46 0201 0100 0000 0000 0000 0000  .ELF............
00000010: 0300 b700                                ....
```

Baiti nne za kwanza ni alama ya faili la ELF, muundo wa binari za Linux. Hata herufi zenyewe zinaonekana upande wa kulia. Mbili za mwisho ndizo kitambulisho cha prosesa. `b7 00` ni ARM ya biti 64, `28 00` ni ARM ya biti 32, `3e 00` ni Intel na AMD za biti 64, `f3 00` ni RISC-V. Kerneli ikikuta namba isiyo yake, inakataa papo hapo. Haijafika hata kwenye mstari wa kwanza wa programu yako, kwa hiyo usihangaike kutafuta hitilafu ndani ya `main`.

Namba hiyohiyo utakutana nayo kwingine. Linka, yaani programu inayounganisha vipande kuwa binari moja, ikilalamika `Relocations in generic ELF (EM: 183)`, hiyo 183 ni b7 iliyoandikwa kwa desimali. Maana yake linka ya Intel imepewa vipande vya ARM.

Inaenda vizuri kwenye Pi 4, lakini kwenye Pi Zero inasema `Illegal instruction`. Zote si ARM?

Zote ni ARM, lakini ni za vizazi tofauti. Pi ya kwanza ya 2012 na Pi Zero ya awali zina prosesa ya ARMv6. Pi 2 ilianza na ARMv7. Pi 3 ya 2016, Zero 2 W na zilizofuata ni za biti 64. Sasa, kompaila ya `arm-linux-gnueabihf-gcc` unayoisakinisha kwa `apt` kwenye Debian au Ubuntu hutoa maelekezo ya ARMv7, kwa sababu kwa Debian `armhf` maana yake ni ARMv7 na kuendelea. Raspberry Pi OS nayo inaita `armhf`, lakini yake ni ya ARMv6. Jina moja, vitu viwili.

Hili nililijifunza nikiwa nimesimama juu ya ngazi. Nilikuwa na programu ndogo ya C ya kusoma kipimo cha maji kwenye tangi, nikaijaribu nyumbani kwenye Pi 4 siku mbili nzima, ikasoma bila kukosea. Nikaibeba hadi kwenye tangi lenyewe, mwendo wa bodaboda kutoka lami, nikaiweka kwenye Pi Zero iliyokuwa imeshafungwa kwenye boksi lake. `Illegal instruction`. Nikafikiri kadi imeharibika, nikabadilisha. Nikafikiri umeme hautoshi, nikabadilisha waya. Mzee aliyekuwa ananishikia ngazi akaniuliza, "Mwanangu, hicho kidude hakijui kusoma?" Alikuwa amepatia kuliko mimi.

Usidhani kwamba ukiongeza `-march=armv6` umemaliza. Sehemu yako itakuwa ya ARMv6, lakini vipande vya kuanzishia programu na maktaba vinavyokuja na kompaila hiyo vilishatengenezwa kwa ARMv7, na vyote vinaingia kwenye binari. Njia zinazofanya kazi: kwa Go, weka `GOARM=6`. Kwa C, tumia kompaila inayojenga maktaba yenyewe kutoka kwenye msimbo wake, kama Zig:

```
zig cc -target arm-linux-musleabihf -mcpu=arm1176jzf_s -o kipimo kipimo.c
```

Hiyo `arm1176jzf_s` ndiyo prosesa iliyomo ndani ya Pi Zero na Pi ya kwanza.

`No such file or directory`, na faili ninaliona kwa `ls`. Kuna uchawi?

Faili lako lipo. Kisichokuwepo ni faili jingine ambalo binari yako inalihitaji ili iweze kuanza.

Binari nyingi za Linux zimeandikwa ndani yake njia ya kipakiaji, yaani programu ndogo inayokusanya maktaba kabla ya `main`. Kwa ARM ya biti 64 yenye glibc, njia hiyo ni `/lib/ld-linux-aarch64.so.1`. Kerneli ikifika hapo ikakuta hakuna kitu, inarudisha kosa la "faili halipo", na shell inalichapisha pamoja na jina la faili lako. Bash mpya imeungwana kidogo, inasema `required file not found`. Tazama mwenyewe:

```
readelf -l kipimo | grep interpreter
```

Linatokea hasa sehemu mbili: ukipeleka binari ya glibc kwenye Alpine, aina ndogo ya Linux inayotumia musl, na ukipeleka binari ya biti 64 kwenye ile Pi 4 yenye kerneli ya 64 na maktaba za 32.

`version 'GLIBC_2.34' not found`. Prosesa ni sahihi, kipakiaji kipo, sasa nini tena?

Hapa ndipo vipimo vya mwaka jana vinapoonekana, ila kinyume: laptopu yako ni mpya kuliko Pi.

glibc huwa inapiga mhuri wa toleo kwenye kila kazi (function) inayoitoa. Binari ikitengenezwa, inaandikiwa mihuri ya maktaba iliyokuwepo wakati huo. Ikifika kwenye mashine yenye glibc ya zamani, mhuri unakosekana na kipakiaji kinakataa. Kinyume chake hakina shida: binari ya zamani kwenye glibc mpya inaenda. Kwa hiyo jenga ukilenga ya zamani zaidi kati ya mashine unazozihudumia. Debian 11 na Ubuntu 20.04 zina 2.31. Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39.

Watu wananiuliza, "Lakini programu yangu inachapisha 'habari' tu, itahitajije kitu cha 2.34?" Ni kwa sababu katika toleo hilo, `__libc_start_main`, yaani kazi inayoita `main` yako, ilipewa mhuri mpya. Basi kila programu ya kawaida ya C iliyojengwa juu ya 2.34 au zaidi inaudai, hata isipofanya lolote. Orodha ya mihuri unaipata hivi:

```
aarch64-linux-gnu-objdump -T kipimo | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -uV
```

Tiba ziko tatu. Unaweza kujenga ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya mashine yako, kwa mfano kwa Docker) la mfumo wa zamani, kwa mfano Debian 11, na hii ndiyo njia ninayoiamini kwa kazi za malipo, maana haina maajabu. Unaweza kutumia Zig ukataja toleo lenyewe: `zig cc -target aarch64-linux-gnu.2.31`. Kwa Rust kuna `cargo zigbuild` inayokubali mwandiko huohuo. Au ukaachana na glibc kabisa, jambo linalotuleta kwenye swali linalofuata.

Usidownload `libc.so.6` mpya mtandaoni ukaibandika juu ya ile ya kwenye Pi. Karibu kila kitu kwenye mashine hiyo kinategemea faili hilo, pamoja na `ls`, pamoja na SSH uliyoingilia.

Kwani siwezi kuweka kila kitu ndani ya binari moja?

Unaweza, na mara nyingi ni uamuzi mzuri. Ukiwa na musl, `-static` inafanya kazi vizuri na unapata faili moja unalolipeleka popote penye kerneli ya Linux na prosesa inayolingana. Kipakiaji hakihitajiki, mihuri haiulizwi.

Ukiwa na glibc, `-static` inakubali kwa shingo upande. Programu inayotafuta majina ya mtandao itakuonya kwamba `getaddrinfo` bado itahitaji maktaba za glibc ileile wakati wa kuendeshwa. Onyo hilo si la kupuuza: programu itaanza, kisha itashindwa siku ya kuunganishwa na seva.

Lugha ipi haina usumbufu?

Go, kwa mbali. Tangu Go 1.5 ya Agosti 2015, kompaila yenyewe imeandikwa kwa Go, na kila nakala inaweza kutoa binari za mifumo yote inayotambuliwa:

```
CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=arm64 go build -o kipimo .
```

Mstari mmoja, hakuna cha kusakinisha. Raha hiyo inakwisha ukileta maktaba ya C ndani. Mfano maarufu ni `go-sqlite3`, dereva wa hifadhidata ya SQLite: inajengwa bila kelele cgo (njia ya Go ya kuita C) ikiwa imezimwa, kisha inakataa programu ikishaanza, ikikwambia inahitaji cgo. Kuna dereva wa SQLite wa `modernc.org/sqlite`, usiohitaji C hata kidogo. Kwa vifaa vidogo mimi huanza na huo.

Rust iko nusu njia. `rustup target add aarch64-unknown-linux-gnu` inakuletea maktaba ya Rust ya mashine lengwa lakini haikuletei linka. Hiyo unaisakinisha mwenyewe na kuitaja ndani ya `.cargo/config.toml`:

```
[target.aarch64-unknown-linux-gnu]
linker = "aarch64-linux-gnu-gcc"
```

Ukiisahau, ndipo unapokutana na ile `EM: 183`.

Python haikompailiwi hivi, ila vifurushi vyake vyenye C ndani vinakompailiwa. Kwa Raspberry Pi OS kuna piwheels, ambako vifurushi vingi vimeshajengwa kwa ARM ya biti 32. Kabla hujaacha `pip` ikompaili numpy kwenye Pi usiku kucha, hakikisha hawajakufanyia kazi hiyo tayari.

Programu yangu ya C inatumia OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano). Kompaila haiipati, na ninayo!

Unayo ya Intel. Unahitaji ya ARM, ikae kando bila kugusa ile nyingine. Debian ina utaratibu mzuri wa hili:

```
sudo dpkg --add-architecture arm64
sudo apt update
sudo apt install libssl-dev:arm64
```

Kwenye Debian mistari hiyo inatosha. Kwenye Ubuntu, `apt update` itakurushia makosa ya 404 mfululizo, kwa sababu vifurushi vya ARM haviko kwenye `archive.ubuntu.com`, viko `ports.ubuntu.com`. Inabidi uhariri orodha ya vyanzo: vya zamani uvifunge kwenye `amd64`, kisha uongeze vya `ports` kwa `arm64`. Ni dakika tano ukijua, na ni mchana mzima usipojua.

Njia nyingine ni kunakili `/lib`, `/usr/lib` na `/usr/include` za Pi yenyewe hadi kwenye folda moja ya laptopu kwa `rsync`, kisha kumwonyesha kompaila kwa `--sysroot`. Mimi napendelea hii kifaa kinapokuwa kimeshafungwa mahali, kwa sababu ndivyo vipimo halisi vya mtoto mwenyewe. Angalia viungo vya faili vinavyoanza na `/`: ukivinakili kama vilivyo, vitaelekeza kwenye `/` ya laptopu yako.

Halafu kuna `pkg-config`, mnafiki mkubwa. Usipomwelekeza, atakupa njia za maktaba za laptopu huku akitabasamu. Weka `PKG_CONFIG_LIBDIR` na `PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR` kabla ya kujenga. Kwa CMake, andika faili la zana na uweke `CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY` na ya `INCLUDE` kuwa `ONLY`.

`./configure` inasema `cannot run C compiled programs`.

Imetengeneza programu ya majaribio ya ARM, ikataka kuiendesha kwenye Intel. Iambie: `./configure --host=aarch64-linux-gnu`. Ndiyo, ni `--host`, ingawa akili inataka kuandika `--target`. Kwenye `configure`, `--host` ni mashine itakayoendesha programu. `--target` inawahusu tu wanaojenga kompaila.

Mbele kidogo unaweza kupata `undefined reference to 'rpl_malloc'`. Hapo `configure` imeshindwa kujaribu `malloc`, ikakisia mabaya. Ipe jibu: `ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes` kabla ya amri.

Natumia Mac ya M1. Kontena langu linakufa kwenye seva na `exec format error`.

Hili ni lile swali la Pi na `Exec format error` limevaa kanzu nyingine. Tangu Apple ilipoanza kuuza M1, Novemba 2020, maelfu ya watu wamekuwa wanakompaili kwa mashine nyingine bila kujua. Docker kwenye Mac hiyo hujenga `linux/arm64`, seva uliyokodi ni `amd64`. Jenga kwa `docker build --platform linux/amd64`.

Itakuwa polepole, kwa sababu kompaila nzima inaigizwa kama Intel. Kwa Go, iache kompaila iendeshwe kwenye prosesa yako halisi, binari tu iwe ya nyingine:

```
FROM --platform=$BUILDPLATFORM golang:1.22 AS jenga
ARG TARGETOS TARGETARCH
WORKDIR /src
COPY . .
RUN CGO_ENABLED=0 GOOS=$TARGETOS GOARCH=$TARGETARCH go build -o /kipimo .
```

Naweza kuijaribu bila kuwa na kifaa?

Ndiyo, kwa QEMU, programu inayoigiza prosesa nyingine. Sakinisha `qemu-user`, kisha:

```
qemu-aarch64 -L /usr/aarch64-linux-gnu ./kipimo
```

Hiyo `-L` inamwonyesha maktaba za ARM zilipo. Unaweza pia kuchagua prosesa kwa `-cpu`. Kwa biti 32, `qemu-arm -cpu arm1176` ingenionyesha ile `Illegal instruction` nikiwa bado nimekaa kwenye kiti.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika BASIC ya kompyuta ya Altair bila kuwa na Altair. Walitumia PDP-10 ya Harvard, na Allen akaandika kiigizo cha prosesa ya 8080. Mara ya kwanza programu ile kukutana na mashine halisi ilikuwa Allen alipoipeleka Albuquerque kuionyesha. Ilifanya kazi.

QEMU haitakuonyesha kila kitu, hata hivyo. Pini za Pi hazimo, wala hutajua kasi ya kweli.

Kwenye laptopu programu inamaliza, kwenye ARM inazunguka milele. Kompaila ina hitilafu?

Karibu kila mara kompaila haina kosa. Tazama msimbo huu:

```
char c;
while ((c = getchar()) != EOF)
    putchar(c);
```

Umeandikwa hivi kwenye vitabu vibaya na miradi mingi mizuri. Kwenye Linux ya Intel, `char` inaweza kuwa hasi. Kwenye Linux ya ARM haiwezi. Inaanzia 0 hadi 255. `EOF` ni -1. Faili likiisha, `c` inapokea -1 na kuigeuza kuwa 255. 255 hailingani na -1, basi kitanzi kinaendelea, kinachapisha takataka hadi uking'oe. Dawa ni kuandika `int c`, ambayo ndiyo sahihi popote pale. Ukitaka kuwinda makosa ya namna hii kabla hujasafiri, kompaili kwenye laptopu kwa `-funsigned-char` na uendeshe majaribio yako.

Mengine ya ukoo huu: `long` ina baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, lakini 4 kwenye ARM ya biti 32, na 4 pia kwenye Windows ya biti 64. Ukiandika `struct` moja kwa moja kwenye faili au mtandao, pande mbili hazitaelewana. Tumia `int32_t` na ndugu zake. Na programu yenye nyuzi nyingi iliyokuwa inaenda kwa bahati kwenye Intel inaweza kuvurugika ARM, kwa kuwa ARM ina uhuru mkubwa zaidi wa kupanga upya mpangilio wa kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu.

Nataka kuiweka kwenye ruta ya OpenWrt (Linux ya ruta).

Ruta nyingi zina prosesa za ukoo mwingine, MIPS. Angalia kwanza kama yako ni `mips_24kc` au `mipsel_24kc`. Ya kwanza inapanga baiti kubwa mbele, ya pili ndogo mbele, na hazibadilishani. Kwa C, pakua SDK ya OpenWrt ya toleo lilelile lililo kwenye ruta. Kwa Go, `GOARCH=mips` au `mipsle` pamoja na `GOMIPS=softfloat`, kwa kuwa prosesa hizo hazina kifaa cha hesabu za desimali. Halafu angalia ukubwa wa binari kabla ya kushangilia.

Na simu, kupitia Termux (app ya Android inayokupa terminali ya Linux)?

Android ina kerneli ya Linux lakini maktaba yake ya C ni Bionic, kwa hiyo binari ya glibc itakupa ile "faili halipo". Binari ya Go isiyo na C itaanza, kisha itashindwa kupata jina lolote la mtandao, ikilalamika kuhusu `[::1]:53`. Inatafuta `/etc/resolv.conf`, ambalo Android haina. Kwenye Termux, fanya `pkg install golang` ukakompaili humohumo. Simu nyingi za leo zina nguvu kuliko Pi. Kwa programu ya kwenda Play Store tumia NDK, zana za Google za C na C++ kwa Android, na usisahau biti 64: Google inaidai tangu Agosti 2019.

Windows je?

`x86_64-w64-mingw32-gcc`, na `-static` ili usilazimike kutembea na DLL za MinGW. Antivirusi nyingine zitakushuku.

`strip` inakataa kupunguza binari yangu.

Ni `strip` ya Intel hiyo. Tumia `aarch64-linux-gnu-strip`. Vivyo hivyo `ldd` haitakusaidia kwenye binari ya kigeni. Tumia `readelf -d kipimo | grep NEEDED`.

Niweke `-march=native` iende kasi?

Hapana. Hiyo inamwambia kompaila achukue vipimo vya laptopu yako.